Kumwandika Mhusika Mwenye Sonona Anayemudu Majukumu Yake

Mhusika wa namna hii ni mgumu kumwandika, kwa sababu dalili ambazo msomaji amezoea kuzitafuta, yaani machozi, kujifungia chumbani na kuacha kuoga, huenda asizione hata moja. Hali yenyewe si jina rasmi la ugonjwa. Inayokaribiana nayo zaidi, katika mwongozo wa utambuzi uliotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2013, ni sonona ya kudumu, ambayo kwa mtu mzima hutambuliwa pale huzuni inapomkalia siku nyingi zaidi kuliko zile anazokuwa na nafuu, kwa muda usiopungua miaka 2. Muda huo uzingatie sana unapoandika: mhusika wako huenda hakumbuki tena alivyokuwa zamani, na anaamini kwamba hivyo ndivyo alivyoumbwa.

Kazi yako kubwa ni kuonyesha anachogharimika ili aonekane mzima. Rafiki anamwandikia, “Umeamkaje?” Anajibu, anafuta, anaandika upya, anaongeza alama ya kicheko, anatuma, kisha anaifunika simu mezani na kubaki ameutazama ukuta kwa dakika 20 kabla ya kurudi kwenye ripoti ambayo kesho kila mtu ataisifu. Huhitaji kutaja neno huzuni hapo. Na sifa hizo zikifika, mwache ashukuru vizuri, huku moyoni akihisi kwamba anasifiwa mtu mwingine.

Mpe pia vicheko vya kweli, kwa kuwa anayeugua sonona hucheka, na mara nyingine ndiye anayewachekesha wenzake. Usilazimike kumtafutia msiba mmoja wa utotoni unaoeleza kila kitu.

Kosa linaloniuma zaidi ni kumponya kwa penzi jipya katika sura ya mwisho. Akipata tiba, iandike kwa mwendo wake: dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na ushauri nasaha huenda polepole, pengine kwa kurudi nyuma. Hadithi ikigusa kujiua, usieleze njia iliyotumika, kwani maelezo hayo yanaweza kumdhuru msomaji aliye katika hali hiyohiyo. Nafuu yenyewe ianze na jambo dogo, kama vile asubuhi moja kuijibu salamu ya rafiki bila kuifuta.