Mtoto wa miaka 2 na hogo mguuni

Wangu aliteleza kwenye ngazi za nje, akafungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa. Siku za mwanzo muinue mguu juu ya mto, na tazama vidole mara kwa mara: vikivimba sana, vikiwa baridi au vya bluu, au akilia hata baada ya dawa, rudi hospitali usiku huohuo.

Kuoga ni kumfuta kwa kitambaa tu. Mimi nilijifanya mjanja, nikafunga mfuko wa plastiki kwa mpira. Maji yakaingia, hogo likabadilishwa. Akiwashwa, usichokonoe kwa kijiti. Mpepee. Kaptura ya kaka yake niliifumua mshono, ikapita.

Wiki ya 3 alijiburuta kwa makalio mpaka jikoni, kwa hiyo jiko la mkaa nililiinua juu ya meza.