Spika za Mercedes W124: Shughulikia Waya Kabla ya Kununua

W124 ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1984 na ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 90. Spika zake za mbele ni ndogo, sentimita 10, zimekaa kwenye kona mbili za dashibodi. Za nyuma ziko kwenye ubao ulio chini ya kioo. Wenye magari haya wengi hukimbilia spika kubwa na kuanza kutoboa milango. Usifanye hivyo. Kinachoharibu sauti mara nyingi ni sponji iliyooza kwenye ukingo wa spika na swichi ya zamani ya kugawa sauti mbele na nyuma.

1. Kagua kilichopo

Kama redio ya Becker bado ipo, hakikisha una namba yake ya siri kabla ya kuchomoa betri, maana nyingi hujifunga zikikosa umeme. Acha gari juani nusu saa ili plastiki ilainike, kisha nyanyua wavu wa spika taratibu kwa kipande cha plastiki. Ukitumia bisibisi kwenye plastiki iliyokaa miaka 30, vishikizo vitakatika.

Gusa ukingo wa koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, kwa kidole. Ukimomonyoka kama keki kavu, spika imekwisha: sponji hiyo huliwa na joto na unyevu, na dashibodi iko chini ya kioo kinachopigwa jua kutwa. Ukingo ukiwa mzima, pima koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, kwa mita ya umeme. Spika ya omu 4 husoma takriban 3 hadi 3.8. Mita isiposoma chochote, koili imekatika.

2. Ruka ile swichi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Katika gari hizi sauti hupita kwenye swichi ya kugawa mbele na nyuma kabla ya kufika kwenye spika. Ndani yake vyuma vya kugusana huchakaa na kushika kutu. Ndiyo maana upande mmoja hupotea na kurudi gari likiruka shimo. Zaidi ya hapo, ukifunga redio ya kisasa yenye njia nne za sauti, waya zake hasi hazitakiwi kuungana wala kugusa bodi ya gari. Zikigusa, redio hujizima, au ampu yake ya ndani huungua.

Vuta waya mpya wa jozi, milimita mraba 1.5, kutoka redio moja kwa moja hadi kila spika. Jozi nne, basi. Unga kwa risasi ya kuchomelea na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu ya kawaida huachia gundi ndani ya dashibodi yenye joto.

3. Chagua spika

Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 hutoa kwa kweli wati 15 hadi 20 kila njia. Kwa hiyo usitazame wati kwenye boksi, tazama wepesi wa spika kuitika: tafuta desibeli 90 au zaidi. Desibeli 3 za ziada ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu, na hulipii ampu.

Pima kina cha tundu kwa rula kisha punguza milimita 5; spika isizidi kina hicho. Pima na upande wa juu pia, kwa sababu twita ya katikati, kile kispika cha sauti nyembamba, hujitokeza na inaweza kugonga wavu. Matundu ya skrubu yasipolingana, kata ringi kutoka ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Dashibodi yenyewe usiitoboe.

4. Zuia besi kwa spika za mbele

Koni ya sentimita 10 isiyo na boksi haiwezi besi nzito, ukiilazimisha inakoroma. Funga kapasita isiyo na chanya na hasi, ya mikrofaradi 220, kwenye waya chanya wa kila spika. Kwa omu 4, sauti zilizo chini ya hezi 180 hivi huanza kupungua. Usipoipata Luthuli ya Nairobi wala Kariakoo ya Dar, chukua mbili za kawaida za 470, volti 50, uziunganishe hasi kwa hasi. Utapata takriban 235, inatosha. Besi iachie spika za nyuma, ambazo buti lote huwa kama boksi lao.

5. Hakiki chanya na hasi

Kabla ya kufunga kapasita, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye spika kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikigeuzwa, hakuna kinachoungua, lakini besi hupotea na mwimbaji hajulikani yuko upande gani.

6. Funga

Bandika sponji ya kuzibia hewa kuzunguka ringi, kaza skrubu kwa mshazari, na usizidishe nguvu. Piga wimbo wenye besi huku ukibonyeza kila wavu kwa kidole. Mtetemo ukikoma, hapo ndipo pa kuweka kipande cha felti.