Jinsi ya kuomba likizo ndefu ya ugonjwa ukiwa kwenye majaribio kazini

Una miezi minne tu kazini. Bodaboda imekuangusha, mguu umefungwa POP (plasta ngumu), na daktari amesema wiki nane bila kuukanyagia. Barua ya ajira inasema bado uko kwenye majaribio. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huficha maumivu na kwenda kazini wakichechemea, au humtumia bosi ujumbe mmoja wa WhatsApp na kulala nyumbani wakidhani wameshaomba. Yote mawili yamewaponza watu.

Ninayoyaeleza hapa ni ya sekta binafsi, Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, na mtumishi wa umma aliye kwenye matazamio anaangaliwa pia kwa Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma.

Hesabu miezi kwanza

Kabla hujaandika chochote, fungua barua ya ajira uangalie tarehe uliyoanza kazi. Tarehe ya kumaliza majaribio iache kwanza, utaihitaji baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina likizo ya watu wa majaribio na nyingine ya waliothibitishwa. Inachotazama ni kama umetimiza miezi sita kwa mwajiri huyo.

Kwa kawaida asiyetimiza hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hiyo, ya ugonjwa ikiwemo. Aliyetimiza ana siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi ajue kwamba akivuka siku ya 63 atakuwa anahesabiwa kwa 400,000, na apange kodi ya nyumba mapema. Siku za mapumziko nazo zimo humo, kwa hiyo usiruke Jumapili unapohesabu.

Mkanganyiko mkubwa uko hapa. Kampuni nyingi huweka majaribio ya miezi mitatu. Ukithibitishwa mwezi wa tatu ukaugua wa nne, barua ya kuthibitishwa haikupi malipo ya likizo kisheria, kwa sababu miezi sita haijafika. Kwa upande mwingine, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaruhusu majaribio ya hadi miezi 12. Mwenye majaribio marefu kama hayo akiugua mwezi wa nane ana siku zake 126 zote, ingawa hajathibitishwa. Katika miaka niliyokaa ofisi ya utumishi nimesikia zaidi ya mara moja mtu wa aina hii akijibiwa, "Wewe bado probesheni, huna likizo." Jibu hilo si sahihi. Unaweza kulirekebisha kwa upole kwa kutaja kifungu cha 32 cha sheria hiyo ya 2004.

Kama hujafika miezi sita, soma mkataba wako, sera ya kampuni, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, kama chama kipo. Sheria imeweka kiwango cha chini tu, na waajiri wengine wanatoa zaidi ya hapo. Usipokuta kitu humo, basi jua kwamba unaomba, hudai, na lugha ya barua yako ifuate hivyo.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri miezi sita: kuumia ukiwa kazini au kuugua kwa sababu ya kazi yenyewe. Hapo mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi, ili atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo ni mlango mwingine kabisa.

ED iwe na tarehe

Kama kampuni yenu ina fomu ya kwenda nayo hospitali, ichukue kabla ya kwenda. Ukiwa umelazwa kwa dharura, mtume ndugu aifuate. Unachokihitaji kutoka kwa daktari ni ED, yaani cheti cha kupumzishwa kazi, inayoonyesha siku ngapi, kuanzia lini hadi lini, lini unarudi kliniki, pamoja na sahihi na muhuri. "Apumzike hadi apone" haitoshi, kwa sababu mhasibu hawezi kuiingiza kwenye hesabu ya mishahara.

Sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri haruhusiwi kumkataa huyo bila sababu ya msingi. Bila cheti, mwajiri halazimiki kukulipa hata kama una miaka kumi kazini. Kipige picha pande zote mbili kabla hakijatoka mikononi mwako. Karatasi hupotea ofisini, na anayepotelewa mshahara ni wewe.

Picha hiyo usiitupie kwenye grupu la idara. Mtumie msimamizi wako na ofisi ya rasilimali watu, basi.

Barua

Siku ile ile piga simu kwa msimamizi, kisha fuatisha ujumbe mfupi ili kuwe na kumbukumbu. Simu haikuondolei kazi ya kuandika barua. Ipeleke ndani ya siku mbili tatu, kwa mkono wa mtu au kwa barua pepe. Ikipelekwa kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Iwe fupi:

*Meneja Rasilimali Watu,*
*Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Mauzo.*

*Yah: Maombi ya likizo ya ugonjwa, kuanzia tarehe 6 Julai hadi 30 Agosti*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwajiriwa katika idara ya mauzo tangu tarehe 2 Machi, na niko katika kipindi cha majaribio kinachoishia tarehe 1 Septemba. Nimevunjika mguu na daktari ameelekeza nipumzike wiki nane, kama cheti nilichoambatanisha kinavyoonyesha.*

*Naomba likizo kwa kipindi hicho. Kwa kuwa sijatimiza miezi sita, naomba ofisi inijulishe kwa maandishi kama itakuwa na malipo. Naomba pia kipindi changu cha majaribio kiongezwe kwa muda sawa na nitakaokuwa nje, ili tathmini yangu ifanyike kwa kazi nitakayoifanya nikirudi.*

*Kazi zilizokuwa mikononi mwangu nimezikabidhi kwa mwenzangu, na orodha yake nimeiambatanisha.*

Aya ya pili ndiyo yenye uzito. Wengi hawaombi kuongezewa majaribio kwa kuona ni kujichongea. Lakini usipoomba, tarehe 1 Septemba itafika na faili lako lina miezi minne ya kazi na miwili ya kutokuwepo. Kanuni zile za 2007 zinamruhusu mwajiri kuongeza muda wa majaribio baada ya kushauriana nawe, kama hajapata nafasi ya kukupima vizuri. Umemrahisishia. Wala usidhani kwamba tarehe ikipita kimya umeshathibitishwa: Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kuwa kuthibitishwa hakuji kwenyewe kwa sababu muda umeisha.

Ugonjwa ukiendelea, ED mpya ifike ofisini kabla ya ile ya kwanza kuisha. Pengo la siku mbili kati ya vyeti viwili husomeka kama utoro.

Wakikuachisha

Nisikufiche: mwenye chini ya miezi sita hana kinga ya sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi isivyo halali. Hata hivyo hakosi kila kitu. Baada ya mwezi wa kwanza, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake, pamoja na mshahara wa siku alizofanya kazi. Ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ulemavu au VVU umekatazwa tangu siku ya kwanza, majaribio au si majaribio.

Ukiona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba 1. Nakala mpe mwajiri kwanza, asaini kupokea, ndipo uiwasilishe Tume ikiwa na ushahidi huo. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 za kuuwasilisha, madai mengine siku 60. POP haisimamishi hesabu hiyo; ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze kwa nini.

Siku ya kurudi

Usirudi mikono mitupu. Beba cheti cha daktari kinachosema unaweza kufanya kazi, na kama kuna usichoweza bado, kwa mfano kusimama kwa muda wa saa nane au kubeba mizigo, kiandikwe humo. Kabla hujaketi kwenye dawati lako, pita ofisi ya rasilimali watu uombe barua yenye tarehe mpya ya kumaliza majaribio. Wakikwambia "tutakuandalia", waandikie barua pepe jioni hiyo hiyo ukikumbushia mlichokubaliana.