Ufunguo wa Canter ukigoma kuzunguka: fanya haya kabla hujanunua swichi nyingine

Simu ya saa kumi alfajiri huwa haina habari njema. Mwezi uliopita ilikuwa Canter (lori dogo) ya ndizi pale soko la Mabibo, Dar. Mzigo umeshashushwa, gari mbili nyuma zinapiga honi zipishwe, na dereva ananiambia, "Fundi, ufunguo unaingia vizuri tu, ila hauzunguki." Nilipofika nikakuta ameshajaribu praizi, shingo ya ufunguo imeanza kupinda. Kibaya zaidi, alikuwa ameomba mafuta ya kula kwa mama ntilie akayamimina kwenye tundu. Nikachomoa ufunguo, ukatoka na uji mweusi mzito. Nikaupangusa kwa kidole: mchanga mtupu.

Swichi ile haikuwa imekufa. Nyingi ninazoletewa hapa Tabata zing'olewe hazijakufa, na mwenye gari anakuwa ameshatoka kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na swichi ya mtumba mkononi, ambayo nayo imechoka kuliko ya kwake. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza ujue unachogombana nacho. Ufunguo unaingia kwenye kisilinda kidogo cha chuma. Ndani yake kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake ndogo kama unywele. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake yanavipanga vibati vyote vikalala sawa na mwili wa kisilinda, ndipo kinazunguka. Kibati kimoja kikichomoza hata kwa unene wa karatasi, umekwama. Nyuma ya kisilinda kuna pini nene inayofunga stelingi, na mwisho kabisa kuna swichi yenyewe ya umeme, yenye nyaya. Vitu vitatu, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Hatua ya 1: Stelingi

Umeegesha tairi zimekata kona, au zimebana ukingo wa barabara. Stelingi inataka kurudi, na pini ya kufunga ndiyo inayoizuia. Pini ikilemewa hivyo, ufunguo hauzunguki hata uwe mpya. Shika usukani kwa mkono wa kushoto, uvute upande unaokubali kidogo, uushikilie hapo hapo, halafu zungusha ufunguo kwa vidole viwili tu. Ukigoma, vuta upande wa pili. Usitingishe ovyo, tafuta ile sehemu pini inapopumua.

Na kama shida ni ufunguo kutotoka, angalia jambo moja kabla hujaniita: gari nyingi za Kijapani za gia za mkono zinataka uusukume ufunguo ndani pale penye alama ya ACC (nafasi ya redio) ndipo urudi LOCK, na nyingine zina kitufe kidogo pembeni ya swichi. Nimewahi kupanda daladala mbili kwenda Mbagala kubonyeza kitufe hicho.

Hatua ya 2: Ufunguo wenyewe

Toa ufunguo unaotumia na ule wa akiba, ule uliolala kabatini tangu gari inunuliwe. Ziweke mgongo kwa mgongo uzielekeze kwenye mwanga, au piga picha kwa simu uikuze. Meno ya ufunguo mzima yana kona. Ya ufunguo uliochoka yamekuwa vilima vya mviringo. Ukikuta tofauti, jaribu ule wa akiba. Ukizunguka bila ubishi, swichi yako ni nzima, aliyechoka ni ufunguo.

Hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Wanaupeleka ule uliochoka kwa fundi funguo, naye anachonga nakala ya uchakavu ule ule, na mashine inaongeza kosa lake kidogo. Nakala ya nakala ya nakala, ndivyo tunavyofika kwenye praizi. Mpelekee ule wa akiba. Kama huna, mwombe achukue vipimo kwenye kitasa cha mlango wa abiria, iwapo gari inatumia ufunguo mmoja kwa milango na swichi. Kitasa cha upande ule hakiguswi sana, vibati vyake bado vina urefu wa kiwandani. Nenda na kadi ya gari. Fundi funguo asiyekuuliza gari ni ya nani, mimi simwachii hata ufunguo wa kufuli la geti.

Ufunguo uliopinda usiunyooshe uendelee nao. Chongesha mwingine, maana chuma kilichopinda kikanyooshwa siku moja kitabaki ndani ya tundu.

Hatua ya 3: Usafi

Dar ina vumbi na ina hewa ya chumvi, na Canter ya mchanga inatembea na madirisha wazi siku nzima. Mafuta ya aina yoyote, ya kula, ya injini, hata grisi, yanashika vumbi hilo na kuligeuza simenti. Siku mbili za kwanza ufunguo utateleza, utasema fundi ni wewe. Wiki ya tatu utanipigia.

Toa waya wa hasi wa betri. Gari ya volti 24 ina betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo, toa ule wa hasi unaokwenda kwenye chuma cha gari. Puliza ndani ya tundu ile dawa ya kopo ya kusafishia vifaa vya umeme, inayokauka yenyewe. Ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi hivi, kila mara uufute kwa kitambaa cheupe. Cheupe makusudi, ili uone uchafu unapoisha. Kisha upepo: fundi pancha yeyote atakupulizia, lakini mwambie kwanza atoe maji kwenye tangi la kompresa, la sivyo anakunyunyizia kutu. Petroli usitumie, uko karibu na nyaya.

Tundu likikauka, chukua penseli laini, 2B au zaidi, uipake kwenye meno na kwenye bapa zote mbili za ufunguo mpaka ung'ae kijivu. Ingiza, toa, zungusha, paka tena. Ule unga wa penseli ni kilainishi kikavu, haushiki vumbi. Ile Canter ya Mabibo iliondoka kwa penseli ya mtoto wa muuza ndizi, baada ya nusu saa ya kufuta ule uji.

Hatua ya 4: Kutoa kisilinda

Hii fanya ikiwa ufunguo ni mzuri, tundu ni safi, na bado unakwama mara moja moja. Utahitaji bisbisi ya nyota na kitu chembamba kigumu. Mimi natumia spoku ya baiskeli niliyoipiga tupa ncha ikawa bapa. Betri ibaki imetolewa. Gari yenye mfuko wa hewa kwenye usukani, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote hapo.

Fungua kava la stelingi, skrubu huwa upande wa chini. Zungusha ufunguo mpaka ACC. Kwenye nyumba ya swichi tafuta kitundu kidogo chenye pini ndani yake. Bonyeza pini kwa spoku, huku unavuta ufunguo taratibu, na kisilinda kitatoka kizima kikiwa na ufunguo wake. Usiuchomoe ufunguo ukiwa umesimama nje kwenye kokoto! Kaa mezani, tandika kitambaa, kwa sababu springi ikiruka hutaiona tena.

Sasa pitisha kucha juu ya kisilinda, ufunguo ukiwa ndani. Vibati vyote vilale. Kile kinachokwaruza kucha ndicho mkosaji. Kama kimeshikwa na uchafu, kisafishe. Kama kimelika, fundi funguo atakibadilisha. Kuna mafundi wanaopiga tupa kibati mpaka kilale, na wengine wanaving'oa vyote. Gari inawaka, ndiyo. Inawaka pia kwa mpini wa kijiko, na mwizi anavyo vijiko.

Kama ufunguo haufiki ACC kabisa, kisilinda hakitoki kwa njia hii. Hapo ni kutoboa, na bolti za nyumba ya swichi mara nyingi zimekatwa vichwa makusudi kiwandani ili zisifunguke. Mpe mtu aliyezoea kazi hiyo.

Hatua ya 5: Upande wa nyaya

Ufunguo unazunguka laini lakini taa za dashibodi zinapotea, ukiutikisa zinarudi? Kisilinda hakihusiki. Ni ile swichi ya umeme ya nyuma, na inauzwa peke yake, imeshikwa na skrubu moja au mbili. Angalia soketi yake: plastiki iliyoungua rangi ya chai ni dalili tosha.

Kabla hujafunga kava, rudisha betri, gia iwe huru, piga stata, kisha achia ufunguo. Lazima urudi wenyewe toka START hadi ON. Ukibaki pale, au ukirudi kwa uvivu, stata inaendelea kushikana na flaiwili (gurudumu zito la injini) wakati injini imeshawaka, na utaijua kwa mlio na harufu. Kimbilia waya wa betri, usihangaike na ufunguo. Rudia jaribio hilo mara ishirini. Ukishindwa hata mara moja, gari isiende Kibaha na mzigo, na lile fungu zito la funguo za makufuli ya bodi linaloning'inia kwenye ufunguo lihamie kwenye mkanda wa dereva.