Laina ya bwawa la juu ya ardhi: utajuaje ni ya kubadilisha au ya kuziba tu

Jirani alikuwa ashatenga hela ya laina mpya kisa bwawa linapungua maji kila siku. Tulipokagua tukakuta laina nzima kabisa, gasketi (mpira wa kuzuia kuvuja) ya skima, kile kisanduku cha ukutani kinachovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu, ndo imekufa. Naandika hii kwa wengine walio njiani kwenda kununua. Laina ni ile plastiki ya ndani inayoshika maji.

Hatua ya 1: umri

Nyingi zinaenda miaka 6 hadi 10, klorini ikizidi au pH (kipimo cha tindikali ya maji) ikikaa chini muda mrefu zinachakaa mapema. Kama yako haijafika hata miaka 5 mshuku mtuhumiwa mwingine kwanza.

Hatua ya 2: maji yanaenda wapi?

Hapa ndo watu wanapoteza hela, kwa hiyo usiharakishe.

Jaza ndoo maji ya bwawa lenyewe, iweke kwenye ngazi ya bwawa ikiwa imezama nusu na zaidi, tia jiwe ndani isitikisike. Bandika tepu sehemu mbili, moja kwenye usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine kwenye usawa wa bwawa. Subiri masaa 24 pampu ikiwa inafanya kazi, asiogelee mtu, usiongeze maji, na mvua ikinyesha hesabu imeharibika anza upya. Vyote vikishuka sawa basi ni jua na upepo tu, nusu sentimita kwa siku wala sio ajabu. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja.

Sasa rudia pampu ikiwa imezimwa, na hii ndo watu wanairuka. Kama linavuja zaidi pampu ikiwaka, angalia mabomba, vibano na filta, vyote viko nje pitisha mkono tu, na usisahau ule mpira wa kumwaga maji machafu, valvu ikichoka maji yanatoka huko taratibu na hakuna anayeona. Kama kasi ni ile ile, bado una laina au gasketi, basi acha maji yashuke yenyewe uone yatasimama wapi. Yakigoma chini kidogo ya mdomo wa skima, ni skima. Yakigoma kwenye tundu ambalo maji ya pampu yanarudia bwawani, ni gasketi ya hapo. Yakiendelea kushuka tu, tundu liko kwenye laina huko chini. Lakini jamani, zima pampu kabla maji hayajashuka chini ya skima, isije ikavuta hewa ikaungua, na usiache bwawa likauke kabisa, ukuta bila maji ndani upepo unaukunja na laina ya zamani ikikauka inasinyaa, hata kama ilikuwa nzima hutaweza kuirudisha.

Ukishajua eneo, maji yakiwa yametulia na pampu imezimwa, dondoshea rangi ya chakula karibu na unapopashuku. Ikivutwa kuingia ukutani au chini, umepapata. Ziba kwa kipande cha laina na gundi ya chini ya maji, kata kona ziwe za mviringo zisibanduke. Zile stika za kubandika tu mi sizipendi kabisa.

Hatua ya 3: finya

Hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Shika plastiki ya juu ya mstari wa maji, pale jua linapopiga, ifinye. Ikiwa laini na inarudi, bado inaishi. Ikiwa ngumu kama karatasi ya kalenda na ina vimistari vya kupasuka, badilisha hata kama haivuji, maana hiyo itakuchania siku moja na maji yote yatoke. Rangi kupauka peke yake sio sababu, mikunjo nayo sio sababu. Viraka viwili vitatu sehemu moja sawa, ila matundu mapya yakitokea huku na kule achana nayo. Ikichanika kwenye mshono pia usihangaike na kiraka. Ikichomoka tu kwenye reli ya juu, mwagia maji ya moto ilainike uisukume irudi, ikikatika wakati unavuta umeshapata jibu.

Hatua ya 4: ukuta

Kutu imetoboa chini? Usinunue laina. Bwawa la kipenyo cha mita 5 na kina cha mita 1.2 lina tani 23 hivi za maji, na laina haizuii msukumo wa maji hayo kwenda nje, ukuta ndo unazuia.

Hatua ya 5: kuagiza

Pima kipenyo pande mbili na urefu wa ukuta kwenda juu, na angalia laina yako inashikwaje juu, kuna ya kukunjwa juu ya ukuta na kuna ya kuingia kwenye reli, haziingiliani hivi hivi. Gasketi na fremu za skima agiza pamoja, za zamani usizirudishe hata zikionekana nzima.