Somo: Kupata fomula ya kampaundi kwa namba za oksidesheni

Swali la jinsi ya kupata fomula ya kampaundi nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliweka hapa moja kwa moja. Ukikwama, anzia hapa kabla ya kuuliza.

1. Andika alama za elementi, yenye chanya itangulie: Al, O.

2. Juu ya kila moja weka namba yake ya oksidesheni, yaani chaji ambayo atomu huhesabiwa kuwa nayo: Al +3, O −2.

3. Vusha namba: 3 ya alumini iende chini ya oksijeni, 2 ya oksijeni ije chini ya alumini. Al₂O₃. Alama za + na − zinabaki juu.

4. Rahisisha. Mg₂O₂ ni MgO. Oksidi ya risasi (IV), namba ya Kirumi ikimaanisha risasi ni +4, inatoka Pb₂O₄, iandike PbO₂.

5. Mabano. Tulieni hapa. Kwenye mtihani niliandika CaOH₂ nikakosa alama, na nilistahili kuikosa: ile 2 ilikuwa imeshika hidrojeni peke yake, wakati kalsiamu yenye +2 inataka OH mbili nzima. Ni Ca(OH)₂. Salfeti ya chuma (III) ukiiacha bila mabano inakuwa Fe₂SO₄₃, yaani oksijeni 43! Sahihi ni Fe₂(SO₄)₃. Na angalia sana: namba za ndani ya kundi (atomu zilizoshikana na kubeba chaji kwa pamoja) hazirahisishwi kamwe. Na₂C₂O₄ usiifanye NaCO₂, kwa sababu C₂O₄ ni kundi moja lenye chaji −2.

6. Hakiki, jumla ya namba za oksidesheni lazima iwe sifuri. Kwa Al₂O₃: 2(+3) + 3(−2) = 0.

Nyuki: Mkuu, fomula ya kloridi ya chuma? Nina haraka.

Jibu: Chuma (II) au chuma (III)? Ya kwanza FeCl₂, ya pili FeCl₃.

Nyuki: Sijui, nipe tu iliyo sahihi.

Jibu: Zote mbili ni sahihi. Kasome swali lako upya, tafuta namba ya Kirumi.

Chokaa: Samahani mkuu, kama tunarahisisha, mbona H₂O₂ haiwi HO?

Jibu: Umeuliza jambo la maana. Kwenye peroksidi oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ina −1. O₂ hapo ni kundi, kama SO₄, ndiyo maana tuna Na₂O₂ na BaO₂. Zebaki (I) nayo hutembea kwa jozi, kwa hiyo kloridi yake ni Hg₂Cl₂, haipunguzwi. Kuvusha kunakupa uwiano tu; atomu zilivyoshikana inabidi uzijue wewe.

Darubini: Nyongeza kwa wenzangu: ukiigeuza hatua ya 6 unapata namba usiyoijua. KMnO₄ (K ni +1, O nne ni −8, x ni ya manganizi, Mn): 1 + x − 8 = 0, manganizi ni +7. Ila Fe₃O₄ inanipa 8/3. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, huo ni wastani. Atomu moja ya chuma ina +2, mbili zina +3. Zijumlishe, unapata 8.