Kupima shaba na stenlesi za boti kwa mashine ya XRF: safisha kwanza!

Jamani mafundi wa boti wa Nungwi, Malindi, Mkoani na kwengine, hii gan ya XRF, ya kujua chuma kimechanganywa na nini, ni chombo kizuri mno lakini nnaona watu wanaielekeza tu kwenye chuma kichafu wanasoma namba wanaondoka. Ile inapiga eksirei, kila elementi inarudisha eksirei yenye nguvu yake, chuma 6.4 keV (kipimo cha nguvu ya eksirei), shaba 8.05, zinki 8.64, molibdenamu 17.5, mashine inahesabu zilizorudi inakupa asilimia. Ila kwenye madini kama haya inaona ngozi ya juu tu, kama sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, na huku kwetu pwani ngozi ya juu ndo iliyoliwa na chumvi.

Chukua rafadha ya shaba ya njano ilokaa baharini miaka. Maji ya chumvi yanatoa zinki yanaacha shaba nyekundu yenye vitundu vitundu, kwa hiyo ukipima juu juu unaweza kusomewa zinki 20% na ndani iko karibu 40, ukaenda kununua bolti zisizolingana nayo. Kwaruza kwa tupa safi au msasa mpya mpaka uone njano inang'aa, upana kama sarafu ya mia mbili, wekundu ukibaki endelea, halafu futa kwa spiriti. Msasa ulotoka kwenye chuma chengine usiutumie hata kidogo, unapaka mabaki yake. Na misumari ya milango ya zamani ya Mji Mkongwe tafadhalini msiikwaruze, ikitokea mmoja umeng'oka pima upande wa ndani, ikiwa hakuna basi acha.

Anza na kipande unachokijua, ukiona namba zinakubali ndo upime chako. Dirisha la mashine lilale bapa, shikilia sekunde 20 hivi, pima sehemu tatu, zikipishana sana rudi kwenye msasa. Kipande weka mezani usikishike mkononi, ile ni mionzi kweli, na mwenye mashine awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki.

Shafti ya stenlesi sumaku haikwambii kama ni 304 au 316 (aina mbili za stenlesi), tizama molibdenamu: 316 inayo 2 mpaka 3%, 304 haina au chembe tu, na hiyo ndo inayosaidia kuzuia vile vitundu vya kutu baharini.

Kaboni XRF haiioni. Kwa hiyo 316 na 316L, ile ya kaboni kidogo, haiwezi kuzitenganisha (mwisho wa kaboni 0.08% na 0.03%), na ukitaka kuchomelea unahitaji ile ya L. Hapo tafuta mashine ya cheche, OES, inaunguza chuma ndani ya gesi ya agoni inasoma mwanga wake na kaboni inaipata, ila inaacha doa, piga kwenye ncha ya shafti, pasiposugua bushi.